Alikataa Kijani cha Kubahatisha

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi ya asubuhi hii, na mkono ambao bado unashika kalamu, na ninyi wasomaji mnaonivumilia kila juma. Yeye ni mwema siku anapotupa watu, na ni mwema siku anapowaita kwake. Nimeanza na shukrani kwa makusudi, maana habari niliyo nayo ni nzito. Jumanne ya juma lililopita nilikuwa uani nikianika mahindi, simu ikalia. Alikuwa shemeji wa rafiki yangu yule fundi wa programu za kompyuta wa kule Chapwa. Akaniambia, "Mwalimu, ndugu yako ametuacha." Aliugua siku chache tu, na hakuwa amefika hata miaka hamsini. Nilirudi kwenye turubai nikaendelea kuyasambaza mahindi kwa mkono, yakiwa yamekwisha kusambaa zamani.

Nilipostaafu ualimu nilifanya kazi miaka kadhaa katika yadi moja ya malori hapa Tunduma, nikitunza daftari la foleni. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yaliingia yadini, nami niliandika nani ametangulia na nani anamfuata. Ikafika siku mwenye yadi akaona kwamba daftari limechoka pamoja na mwandishi wake, akamwita fundi huyu atengeneze programu ya kupanga foleni. Kwa majuma mawili alikaa kando yangu akiuliza. Alikuwa mzaliwa wa Ikinga, mtu wa sauti ya chini, na Kiswahili chake kilibeba lafudhi ya Kindali ambayo hakujisumbua kuificha. Aliniuliza habari ya matangi ya mafuta, habari ya lori linalobadilishiwa dereva, na habari ya dumu. Hapa kwetu lori likiharibika likatolewa kwenda gereji, dereva huacha dumu la maji mahali pake, na nafasi hiyo huheshimiwa mpaka atakaporudi.

"Na hilo dumu, Mwalimu, nani huliondoa?" aliniuliza.

"Mwenyewe tu. Mwingine akiligusa watapigana hapa."

"Hata wewe huligusi?"

"Hata mimi," nikamjibu, naye akaandika.

Programu ilipokaribia kukamilika, aliitengenezea majaribio, kadiri ya themanini, ambayo kompyuta iliyaendesha yenyewe kila asubuhi. Alinieleza kwa lugha ya darasani, akijua nilikotoka. Kila jaribio ni swali ambalo jibu lake tunalijua: leta malori matatu, uliza foleni ina malori mangapi, na programu isipojibu matatu, kioo kinawaka nyekundu. Yote yakijibiwa sawasawa, kinawaka kijani. Shida ikawa moja. Kwa siku nne tuliona kijani, siku ya tano nyekundu, na hakuna mtu aliyekuwa amegusa kitu. Akiendesha tena, kijani kinarudi. Dereva mmoja wa Kizambia, ambaye kila mara aliniita bashikulu, yaani babu kwa Kibemba, alichungulia dirishani akacheka. "Bashikulu, mashine yenu imekunywa nini leo? Asubuhi inakataa, saa nne inakubali!"

Mwenye yadi hakucheka. Alikuwa amekwisha kuwatangazia madereva siku ya kuanza, na alikuwa na yadi ya pili ambayo fundi wetu aliahidiwa kazi yake endapo hii ingefaulu. Kazi hiyo ndiyo ingemtoa kwenye kutengeneza simu na mashine za kuchapia, ndiyo aliyokuwa akiisubiri na familia yake. "Si unairudia tu inapita?" mwenye yadi alimwambia. "Irudie, ipite, tuanze." Rafiki yangu akatikisa kichwa. "Bosi, kurudia mpaka ipite ni sawa na kumhoji shahidi mara tano mpaka aseme unachotaka. Hiki ni kijani cha kubahatisha. Siwezi kukukabidhi."

Aligundua kwamba kompyuta ilikuwa inayachukua majaribio kwa mpangilio wowote, kila asubuhi mpangilio mwingine. Basi akayapanga kwa majina, kwa alfabeti, yaende kwa mstari uleule leo, kesho na keshokutwa. Matokeo yake? Nyekundu kila siku, bila kukosa. Mwenye yadi alishika kiuno. "Sasa ndiyo umeharibu kabisa! Zamani walau ilikuwa inapita!" Fundi akajibu kwa upole, akitabasamu, "Zamani kosa lilikuwa kama mgonjwa anayetoroka kila daktari akifika. Sasa amekubali kulala kitandani, tumpime."

Haikuchukua hata siku mbili. Jaribio la lori lililokwenda gereji lilikuwa linaweka dumu kwenye foleni, kisha likimalizika, dumu linabaki. Jaribio la kuhesabu malori likilifuata linakuta nafasi moja zaidi, na linakataa. Likitangulia, halikuti kitu, na linapita. Kwa mpangilio wa ovyo, kosa lilijificha siku nyingi na kujitokeza siku chache. Lakini alipochimba zaidi akaona kwamba tatizo halikuwa la majaribio peke yake. Programu yenyewe haikuwa na namna ya kuondoa dumu la lori ambalo halirudi tena. Kama tungeanza siku ile iliyotangazwa, foleni nzima ingesimama nyuma ya lori lililokwisha kugeuza kwenda zake Mbeya.

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka kufika, na nimezunguka kwa sababu ya aibu. Miaka yote ile madumu ya namna hiyo niliyaondoa mimi. Nikisikia kwamba lori limegeuza, nalivuta dumu pembeni kwa mguu, nafuta mstari daftarini, basi. Nilifanya hivyo bila kufikiri, na nilipoulizwa nikasema siligusi. Mwenye yadi alituita sote ofisini akauliza, mbele ya wasimamizi, "Nani alikwambia dumu haliondolewi?" Rafiki yangu alinitazama mara moja tu. Nilikuwa naogopa kuonekana mzee aliyesahau kazi yake, nikatazama sakafu. Akasema, "Ni mimi, bosi. Sikuuliza vizuri." Aliirekebisha programu, ikaanza kwa kuchelewa, ikafanya kazi vizuri. Kazi ya yadi ya pili alipewa mtu mwingine.

Tuliendelea kusalimiana, na hakuwahi kunikumbusha. Nikipita Chapwa alinivutia kiti, tukazungumza habari za mvua na za kahawa ya Mbozi, nami kila mara niliondoka na neno langu moyoni. Leo ningetoa mengi kukikalia kile kiti tena, nimsikie akisema "Karibu, Mwalimu" kwa sauti yake ya chini. Tulimzika Ikinga siku ya Alhamisi. Baada ya ibada nilimfuata mjane wake, nikamweleza yote, kuanzia dumu mpaka sakafu. Alinisikiliza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba, tunajua. Alituambia siku ileile. Nilikasirika nikataka kuja kwako, akanikataza. Alisema, mzee wa watu ana aibu, mwacheni, atalisema mwenyewe."

Nimeomba na kuhubiri kwa miaka mingi kwamba tujichunguze kila siku mbele za Mungu. Nakiri kwamba nilijichunguza kwa mpangilio wa ovyo. Siku moja nilianza na sadaka zangu, siku nyingine na wagonjwa niliowatembelea, na swali moja lililoniuma nililiruka kila mara, nikalala nikijiona safi. Tangu Alhamisi nimejiwekea maswali yaleyale kwa utaratibu uleule, la kwanza mpaka la mwisho, nami naona wazi mahali ninapoanguka, maana ni palepale kila asubuhi. Ndiyo sababu ninaandika haya katika ukurasa huu ambao najua mwenye yadi ile huusoma. Ndugu yangu, fundi yule aliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyejibu vibaya, na nikanyamaza.

Mungu amlaze mahali pema, amtunze mjane wake na watoto wake. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi akubariki, akupe ujasiri wa kusema lililo lako wakati anayestahili kulisikia angali anasikia. Amina.