Firigisi ya Baba Mkwe

Mama yangu alikuwa na kichwa cha kutikisika. Ugonjwa tu, na mdomo wake ulikuwa mzima kuliko wenu wote.

Enzi hizo filamu ilikuwa mvivu. Unakaa juani, unabana pumzi, mpiga picha anahesabu mpaka machozi yanatoka. Tulipopigwa picha ya ukoo, wote tulitoka kama magogo. Mama alitoka shingo, na juu ya shingo moshi.

Mzee wa kanisa wa pale kwetu Mbozi akaishika ile picha. "Binadamu ana uso," akasema. Basi, jirani wakaacha kuja kuomba moto kwetu. Nilipochumbiwa, wakwe wa Tunduma wakasita kuoa kwa mama asiye na uso.

Wakaja kutoa jibu la mwisho, mzee wa kanisa akiwaongoza. Siku hiyo hiyo nilimleta fundi aliyevuka mpaka na filamu mpya. Alijisifu kwamba ina kasi, haingoji jua, inamnasa hata kuku anayekimbia. Nikamwingiza jikoni kwa Mama. Mzee wa kanisa naye akatufuata, kuchunguza uchawi, nadhani.

"Humu kamera ni kipofu," akacheka, akisimama karibu na chungu cha kuku.

"Nitulie?" Mama akauliza.

"Usitulie, mama. Tukana ukitaka," fundi akamjibu.

Mama akamgeukia: "Wewe, toa viatu vyako kwenye unga wangu."

Kamera ikalia.

Chakula kilipoandaliwa, firigisi ya baba mkwe haikuwepo. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa, akamtazama Mama. Wakwe wakaondoka bila kutoa jibu.

Picha iliposafishwa nikaipeleka Tunduma mwenyewe, kwa miguu. Mama alikuwa na uso wote, na mikunjo yake, na pengo la mbele. Nyuma yake mzee wa kanisa, vidole mdomoni, firigisi nusu ndani.

"Filamu hizi mpya zinadanganya," mzee akasema alipoitwa.

"Mbona hata mafuta ya kidevuni yanaonekana, baba?" mama mkwe akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mama yako ana uso. Tena mkali. Tutaoa."

Picha ya harusi ninayo. Mama amepinda kwa kicheko, uso wake wote upo. Mzee wa kanisa yuko mstari wa mbele, kakaza shingo, mikono kaifumbata kifuani. Fundi alimwambia apumue tu. Hakuthubutu.