Kuku wa Manay Ursing

Minda alikuwa na ulimi mwepesi kuliko watoto wote wa mtaa wao pale Oas, Ufilipino, na alilijua hilo. Akimwiga padri anavyotembea, hata watu wazima walicheka huku wamejifunika midomo. Akimwiga mwalimu wa hesabu, wenzake walijigaragaza chini. Ndiyo maana siku moja walipochoka na mzaha wao wa zamani, walimgeukia yeye.

Mzaha wenyewe ulimhusu Manay Ursing (Manay ni jina la heshima kwa mwanamke mkubwa), mjane aliyeishi peke yake nyuma ya kinu cha mpunga. Mwanawe wa pekee, Elyo, alikwenda Manila kutafuta kazi ya ujenzi mwaka ule kimbunga kilipoangusha minazi, na tangu hapo kimya. Watoto walikuwa wakipita mbio mbele ya nyumba yake wakipiga kelele, "Manay, Elyo kashuka kwenye basi!" Mama wa watu huacha alichoshika, huvaa gauni lake la kanisani, akaenda kituoni mbiombio huku akichana nywele njiani. Wao hujificha nyuma ya maduka na kucheka mpaka mbavu ziwaume.

"Leo wewe, Minda," alisema Nonoy. "Au unaogopa?"

"Niogope nini? Nyie hamjui kudanganya. Kaeni hapo dirishani muone."

Hakupiga kelele. Alipanda ngazi taratibu, akauchukua mkono wa mama yule akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe kuomba baraka.

"Manay, nimetumwa na Elyo. Yuko kituoni, anatafuta wa kumsaidia mzigo. Kasema umsubiri hapahapa."

Manay Ursing alimtazama. "Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Kakonda kidogo. Lakini lile kovu la kidevuni bado analo."

Kovu hilo Minda hakuwahi kuliona. Alimsikia tu mama yake akilitaja siku moja wakifua nguo.

Manay Ursing akatandika kitambaa cheupe mezani, akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi amemkumbatia kuku wake, jike la mayai, pekee alilokuwa nalo.

"Nishikie miguu, mwanangu. Elyo anapenda mchuzi wa tangawizi."

Hapo Minda angeweza kusema. Dirishani alisikia Nonoy na mwenzao Tessie wakizibana midomo wasicheke. Akaishika miguu ya kuku. Ilikuwa na joto, ikapiga mateke mikononi mwake, kisha ikatulia.

Mchuzi ukaiva. Wali ukapakuliwa. Wakakaa wawili, katikati yao sahani ya mtu wa tatu, wakisikiliza njia. Mchuzi ukaanza kuganda mafuta juu.

"Manay," Minda akasema, na sauti ile iliyojua kuiga kila mtu ikamtoka nyembamba kama ya mtoto mchanga. "Hajaja. Nimedanganya."

Manay Ursing hakupandisha sauti. Alikuwa akikinyoosha kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

"Wale wengine najua wananidanganya," alisema. "Naenda tu, maana siku nisiyokwenda ndiyo atashuka. Lakini wewe ulitaja kovu. Nikasema, huyu kamwona."

Akaisogeza ile sahani mbele ya Minda. "Kula. Kisiharibike."

Minda akala. Kila tonge lilishuka kwa shida, na mama yule alimtazama akila, akamwongezea mchuzi.

Alipotoka nje, wenzake walimrukia. "Wewe kiboko!" alisema Tessie. "Mpaka kuku kachinjwa!" Nonoy alimpiga begani kwa furaha. Na Minda akatabasamu. Kwa miaka mingi baadaye, alipokumbuka siku ile, lililomchoma zaidi ya kuku lilikuwa tabasamu lile.

Jioni alimwambia mama yake. Alingoja kipigo, akakitamani hata, lakini mama aliweka chini ufagio akamwangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. "Kesho utampelekea kuku wetu mmoja, tembe," alisema. "Sitakusindikiza."

Alimpeleka. Manay Ursing alimpokea yule tembe, akamshukuru, wala hakutaja ya jana. Ilikuwa saa ya basi, naye tayari alikuwa na gauni lake la kanisani. Siku ile hakuna aliyemwita. Alikuwa anakwenda mwenyewe. Minda akaondoka naye, hatua chache nyuma, akitazama chini.

Kituoni aliketi kwenye benchi kando yake. Nonoy aliwaona kutoka ng'ambo.

"Ee Minda! Umepata mama mpya? Na kaka yako kafika?"

Masikio yalimwaka moto. Alitaka kuinuka ajifanye ananunua karanga. Basi likasimama, wakashuka abiria na magunia yao. Manay Ursing alikuwa ameinua shingo, akitazama kila uso. Minda naye akainua shingo akatafuta kidevu chenye kovu.

Walikwenda hivyo siku baada ya siku, mpaka miguu ya Manay Ursing ilipokataa, na Elyo hakushuka. Minda sasa ni mtu mzima, ana kibanda cha kushona nguo sokoni. Wateja wakianza kumcheka mtu anayepita, yeye huinamia cherehani yake. Wanasema ana maringo. Hajawahi kuwaeleza.