Hatua ya Saba kwa Kiswahili

Siku za kazi alikuwa fundi saa, amejikunja mezani na kioo cha kukuzia jichoni. Siku za harusi alikuwa kuhani wa Kihindu, na kwa namna alivyomimina samli motoni bila kubana mkono, watu walimbandika jina la Mzee Samli. Miaka arobaini aliwaozesha kwa Kisanskriti, na maharusi wakaitikia kwa vichwa bila kuambulia neno. Hakuna aliyelalamika. Wengi waliuliza tu chakula kitaiva saa ngapi.

Kisha mjukuu wake wa pekee akachumbiwa.

"Babu, mimi siapi kwa maneno nisiyoyajua," alisema. "Yaseme na kwa Kiswahili, au tutaenda kwa msajili, yaishe."

"Mwalimu wangu alinikataza kugusa hata silabi moja."

"Usiiguse. Isome, halafu nieleze."

Mzee alinuna siku mbili. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kiapo kikivuliwa lugha yake kitabaki maneno ya kawaida tu, na aliogopa zaidi kuwaozesha watoto wa watu wote, wake akamkosa. Siku ya tatu akakubali.

Harusini, ncha za nguo za maharusi zilifungwa fundo, wakaanza zile hatua saba kando ya moto. Kila hatua aliisoma kwa Kisanskriti, kisha kwa Kiswahili: ya kwanza chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali. Ukumbi, uliozoea kupiga soga wakati huo, ulinyamaza. Hata mpiga picha alishusha kamera.

"Hatua ya saba," alisema. "Sasa wewe ni rafiki yangu. Usiuvunje urafiki huu, nami sitauvunja."

Mkewe alikuwa ameketi safu ya mbele.

"Na sisi siku ile tulisomewa hayo?" aliuliza.

"Tulisomewa."

"Nawe ulikuwa unaelewa?"

Kila mtu alisikia. Mzee alifikiria miaka yote ile ya chai imepoa, funguo ziko wapi, nani kaacha taa inawaka. Hakukumbuka hata siku moja aliyokaa naye wakaongea tu. Uongo ulimjia mdomoni, na mbele ya moto ule ukamshinda.

"Nilikuwa naelewa," alisema kwa aibu.

Mkewe alimwonyesha maharusi kwa kidevu.

"Basi mmalizie mtoto," alisema. "Huyu angalau ataanza akijua."