Sikio la Meneja

Kaka yangu ni kinyozi. Kwa miaka thelathini na moja amechungulia masikio mengi kuliko daktari yeyote, na hataki mtu alisahau hilo. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakuuliza unataka nini, anakukunja sikio kwa kidole gumba, anatazama nyuma yake, anaguna. Wateja wanauheshimu sana mguno huo, ndiyo maana wanamwita Profesa. Shule aliiachia darasa la sita, lakini hilo halijamzuia kumpa kila mtu mhadhara.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Tunagawana chumba: yeye na kioo chake mbele, mimi nyuma ya pazia, kushoto kwa kiti chake. Kwa hiyo elimu yake yote nimeipata bure, na kila mhadhara nimeujibu papo hapo kupitia pazia, kwa maneno ambayo marehemu mama asingeyapenda. Hajawahi kukasirika hata siku moja. Nilikuwa nawaambia watu kwamba kaka yangu amejaliwa subira.

Jambo moja tu kuhusu masikio lilimpita Profesa, kwamba ya kwake yalikuwa yanachoka. Kinyozi hajinyoi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliwahi kumwambia masharubu asiyaguse, kaka akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akayaondoa yote. Ukimgusia habari ya kwenda kupimwa, anakwambia tatizo ni watu wa siku hizi, wanaongea kama wanatafuna.

Tangu afiwe na mke anaishi peke yake, chumba cha uani. Siku moja ya mapumziko alijilaza mchana, sufuria ikaungua jikoni, moshi ukajaa, majirani wakagonga mpaka wakavunja mlango. Profesa aliamka akawauliza kwa nini hawakubisha hodi kistaarabu.

Binti yake, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, alifika kesho yake.

"Baba, funga duka, twende ukaishi kwangu."

"Nizikeni na kiti changu kwanza," alisema kaka.

Walivutana siku mbili. Mwisho binti akaleta mtoto wa mbwa, mwekundu wa udongo, mwenye masikio marefu yanayofika kwenye bakuli kabla ya mdomo. Kazi yake ni kusikia mlango.

"Shangazi, wewe ni shahidi," aliniambia. "Baada ya miezi miwili nakuja kugonga mwenyewe. Mbwa akimwita Baba, sawa, abaki. Asipomwita, naondoka na Baba."

Kaka alichukua kitambaa akaanza kukifuta kiti, ambacho alikuwa amekwisha kukifuta asubuhi ile. Hapo ndipo nilipojua anaogopa.

Wiki ya kwanza mbwa alijionyesha hodari wa kulala chini na kutazama wengine wakifanya kazi, wateja wakamwita Meneja. Ofisi yake ilikuwa kwenye kona, juu ya lundo la nywele ninalolifagilia pale mpaka jioni nilitoe. Alipenda ulaini wake. Tukampiga picha nyingi. Lakini mlango ukigongwa, Meneja aliinuka, akaja mbio, akamvuta kaka suruali. Kaka akaenda kufungua huku akisema, "Nilikuwa naelekea huko huko." Basi tukaanza kupumua.

Mwezi wa pili, Meneja akaanza kutikisa kichwa.

Mara moja, mara mbili, kisha kutwa nzima, masikio yakipiga makofi. Akawa anajikuna mpaka anaanguka. Mlango ukigongwa, yeye yuko kwenye shughuli zake za kukataa, hasikii lolote. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano binti aje.

Wataalamu hawakukosekana. Fundi bomba, anayepaka ndevu zake rangi nyeusi tii, alisema ni maji. "Sikio ni bomba tu, Profesa. Likiziba, unalipuliza." Mwalimu mkuu alisema mbwa anatafuta kuonekana, ana darasa zima la namna hiyo. Mwenye duka la pembeni alisema ni chakula kinamkataa, na kwa bahati njema chakula kinachofaa kilikuwa kimeingia dukani kwake asubuhi ile ile.

Nesi mstaafu, aliyemleta mjukuu wake kunyolewa, alimwinua Meneja sikio, akanusa, akasema, "Inaweza kuwa utitiri, fangasi, kupe, au kitu kimeingia. Kwa macho tu hatujui. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo akammulike, na msimtie kitu chochote kabla."

Kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno pekee lenye akili, hakuna aliyelishika.

"Masikio nayajua mimi," alisema Profesa. "Huu ni uchafu wa kawaida."

"Mganga wa kienyeji wa masikio," nilisema nyuma ya pazia. Yeye alikuwa tayari anatafuta njiti.

Alianza na pamba kwenye njiti, akisukuma kwa ustadi mkubwa. Uchafu haukutoka. Siku ya pili akatia mafuta ya kupikia. Siku ya nne kichwa kilikuwa kimelalia upande wa kushoto na sikio linanuka, Profesa akatoa spiriti ile anayowapaka wateja shingoni, akadondosha.

Sauti aliyoitoa mtoto yule wa mbwa sitaisahau. Alimng'ata kaka kidole gumba, kile kile cha kukunjia masikio ya watu, akakimbilia chini ya cherehani yangu, akanikojolea mguu. Nilitoka nyuma ya pazia.

"Sasa inatosha," nilimwambia kaka usoni. "Utamuua."

Aliona midomo yangu vizuri. Akamviringisha Meneja kwenye kitambaa cha kufunikia wateja, tukaenda.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Aliuliza tumemtia nini. Kaka akaanza kutaja kwa fahari ya mtaalamu anayeongea na mtaalamu mwenzake. Kufika kwenye spiriti, sauti ilikuwa imeshuka.

Alimpa Meneja sindano ya usingizi, akawasha tochi ndogo, akachungulia muda mrefu. Halafu akaingiza koleo jembamba, akavuta kitu taratibu, akakiweka kwenye sahani. Kilikuwa donge, mfano wa kijazio cha mto wa kitanda. Akalipanua kwa ncha ya koleo.

"Nywele," alisema. "Lakini si zake."

Tukainama wote. Za mvi fupifupi za mwalimu mkuu nilizitambua mara moja. Kulikuwa na nyeusi tii za ndevu za fundi bomba, na zile ngumu za mwenye duka. Wataalamu wote walikuwamo mle ndani.

"Analala wapi?" aliuliza daktari.

Kaka alinitazama. Mimi nilitazama buti za daktari. Ndiyo, mimi niliyekuwa na la kusema juu ya kila mtu ndiye niliyekuwa nafagia nywele mpaka kwenye kona na kuziacha kutwa. Nyani haoni kundule. Nililia pale pale, bila hata kutafuta leso.

"Sikio la kulia litapona," alisema daktari. "Kwenye la kushoto mmezisukuma nywele ndani, pamechubuka, na hiyo spiriti ndiyo imemaliza. Labda atasikia, labda hatasikia. Dawa hii siku kumi, na msiongeze ujuzi wenu."

Profesa hakutoa mhadhara. Njiani alikuwa akimpapasa Meneja lile la kushoto, halafu anajishika lake.

Siku ya binti ikafika. Meneja alikuwa amelala kwenye kikapu chenye vipande vyangu vya vitambaa, kando ya pazia langu, na kona ilikuwa safi. Nywele siku hizi nazitoa kila mteja anapoinuka. Kaka alikuwa anapanga vitana mbele ya kioo.

Mlango ukagongwa.

Nilisikia mimi. Kaka akaendelea na vitana. Meneja alikuwa amelalia sikio la kulia, lile zima, hakutikisika. Ukagongwa tena. Nilikuwa nimeapa kutosaidia, lakini mguu wangu ulikwisha kufika kwenye kikapu. Kabla sijakisukuma, Meneja akageuka kujikuna. Mlango ukagongwa mara ya tatu. Akainua kichwa, akaruka, akaenda kumvuta kaka suruali.

Kaka hakusema alikuwa anaelekea huko. Alisema, "Asante, mzee," akaenda kufungua.

Binti alicheka huku anafuta machozi. "Haya Baba, umeshinda." Kisha akasimama kushoto kwake, akasema jambo kwa sauti ya chini. Nikasubiri kaka aitikie kwa kichwa na kutabasamu.

"Njoo upande huu, mwanangu," alisema. "Hili halisikii. Lina miaka sasa."

Halafu akaligeukia pazia langu.

"Na wewe, mdogo wangu, leta cherehani yako huku kulia. Miaka yote naona pazia linatikisika, najua unaongea. Natamani kusikia ulikuwa unaniambia nini."

Nimeihamisha. Sasa nashona kulia kwake, na imenibidi nianze kujifunza, kwa umri huu, kusema naye vizuri.