Mboleo Yangu Ilikuwa na Harufu ya Ndoa

Muntu aliyeua pepinyeri, kile kitalu cha miche ya kilima yetu, ni mimi. Haikuwa Papa Bahati, mulinzi. Haikuwa wezi. Hata vita, yenye ilishanikamatia karibu kila kitu, siku ile haikuwepo. Ni mimi, na nguruwe moja.

Jina langu siweki. Ya wengine nitaweka, juu sikukosea peke yangu. Mwenye atakasirika, akasirike!

Tunakaa kilima cha kupanda kutoka Kibabi. Wakati tulirudia kutoka kambi ya wakimbizi, tulikuta kilima kimenyolewa kama kichwa cha mutoto wa masomo. Miti yote ilishakuwa makala. Na ile kidogo yenye ilibakia tulimaliza sisi wenyewe, nisidanganye. Kisha mvua ikaanza kubeba udongo. Korongo likafunguka juu ya chemchem, na kila ikinyesha tulikuwa tunateka maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Mama Sifa njo alisema tusingoje muntu wa gari kutoka Goma. Ni mujane, anauzisha maharagi, na sauti yake inavuka bonde bila kupumzika. Tukamuweka prezida wa komite. Kila siku ya posho, jumamosi, ikawa salongo, kazi ya watu wote pamoja: tunaviringa maganda ya mugomba kama vikombe, tunatia udongo na mboleo, tunapanda mbegu ya muti, tunapanga chini ya kivuli cha majani. Mvua kubwa ikifika, miche yote ipandwe kwenye korongo, chemchem ipone.

Mboleo ilitoka wapi? Kwa shimo moja ya watu wote, kandokando ya pepinyeri. Kila nyumba ilete takataka ya jikoni. Na hapa njo namutaja mukosefu wa kwanza: Mama Sifa, juu ya midomo yake! Alikuwa anasimama kwa shimo, anachungulia ndoo ya kila muntu, na anasema mbele ya wote. Yangu ilikuwa na maganda ya viazi tatu. Aliniuliza kama kwangu tunakula ao tunanusa tu.

Watu walicheka mpaka salongo ikasimama. Mimi ni muntu muzima, niko na mvi. Ile ilinichoma.

Mukosefu wa pili ni bibi yangu, mwenye nilioa. Mwaka mumoja mbele ya ile, nilikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikashuka na chukudu, ile baisikeli ya mbao ya kubeba mizigo, katikati ya ndoa ya ndugu yake, na nikasimamia ndani ya sufuria ya mchele. Akanipeleka kanisani kuapa mbele ya watu kwamba sitaonja tena. Pasta akafurahi, akanifanya shemasi pale pale, nafikiri ili anichunge vizuri.

Mukosefu wa tatu ni yule pasta. Nitafika kwake. Aliacha nguruwe yake itembee kilima yote kama mutalii.

Sasa, kiapo niliapa kwa mudomo, lakini shamba ya ndizi haikuapa. Ndizi ziliiva. Utafanya nini, mupenzi musomaji? Nilichimba kashimo katikati ya migomba, nikaanza kupika kasiksi kidogo ya siri. Unakamua ndizi na majani, unatia unga ya mutama ya kukaanga, unafunika, unangoja. Kazi si kupika. Kazi ni makapi. Ile makapi ya mutama na ndizi inabakia nzito, na harufu yake inaita watu kama ngoma. Kutupa njiani, bibi ataona. Kuzika, mbwa wanafukua.

Njo nikafikiri ile shimo ya mboleo. Shetani alinipigia makofi!

Nilijaza makapi ndani ya ndoo mpaka juu, nikafunika na majani ya maharagi ya kuoza ili yafiche harufu, nikapeleka. Mama Sifa alichungulia, akanyamaza. Huyu mwanamuke kunyamaza! Kisha akaita watu, akasema hii njo ndoo ya muntu mwenye anapenda kilima yake. Watu wakapiga makofi. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa primere. Sijapigiwaka makofi tangu nizaliwe. Nilirudi nyumbani nikiwa nalewa bila kunywa.

Tangu siku ile nilipika mara mbili zaidi. Kiu ilikuwa ndogo. Nilipikia makofi.

Nimueleze sasa Bahati. Wakati tulikimbia, mama yangu hakuweza tena kutembea. Bahati alimubeba mugongoni mpaka Sake, na mama alikuwa anamutukana njia yote juu anamutikisa. Mpaka kifo chake mama alimuita "gari yangu." Mimi na yeye tulikuwa tunaitana kaka, na ilikuwa haki. Komite ilimupa kulinda pepinyeri mchana, na filimbi ya kufukuza mbuzi na ngombe. Ile filimbi aliivaa hata kanisani.

Siku moja aliinama kwa shimo, akanusa.

"Kaka, mboleo yako iko na harufu ya ndoa."

"Ni kuoza," nikamujibu. "Mambo ya mboleo ni sayansi."

"Sayansi gani inanipa hamu ya kucheza?"

Tukacheka. Ningesema pale pale, ingeishia pale. Sikusema.

Ilibakia juma moja tupande. Wingu lilikuwa limeshaanza kukaa juu ya milima. Mimi nikataka kushusha mikungu ya ndizi, na mugongo wangu ulikuwa unaniuma, nikaenda kumuita Bahati. Aliangalia miche, akaangalia njia, akasema hakuna wa kumubadilisha. Nikamuambia ni dakika mbili, kaka. Alikuja juu niliita mimi. Dakika mbili zilikuwa muda wa kuivisha maharagi.

Tuliporudi, pepinyeri ilikuwa kama kitanda cha wagonjwa kumi. Nguruwe ya pasta ilikula makapi yote, kisha ikacheza. Ilipita katikati ya mistari yote, ikaviringika, ikarudia. Tuliikuta inalala chali juu ya miche ya mwisho, miguu juu, na kikombe kimoja cha ganda la mugomba kimevaa pua yake.

Watu wakasema iko na ugonjwa, inakufa. Pasta alipiga magoti, akaiwekea mukono, akaiombea. Ikajamba. Ikaendelea kukoroma.

Hakuna hata muche mumoja ulisimama.

Jioni ile komite ikakaa. Mama Sifa aliuliza Bahati alikuwa wapi. Bahati akajibu tu kwamba alienda kidogo. Kisha akaniangalia. Hakunitaja. Alikuwa ananiachia mulango wazi nipite mwenyewe.

Nikafikiri: nikisema nilimuita, wataniuliza mikungu ile yote ilikuwa ya nini. Nikafikiri ushemasi. Nikafikiri bibi yangu. Kinywa kikafunguka chenyewe, kikasema:

"Mulinzi anapashwa kulinda."

Bahati alitoa filimbi shingoni, akaiweka mukononi mwa Mama Sifa. Kesho yake tulikutana njiani, akanisalimia: "Jambo, Papa." Papa! Kama mimi ni muuza sabuni mwenye anapita.

Mvua ikafika, korongo halikukuta hata muti wa kulisimamisha. Lilikula njia, kisha likakula mistari miwili ya viazi vya Bahati. Mimi nikaendelea kumusalimia kaka, yeye anarudisha Papa.

Sasa sikiliza namna Mungu anachekaka. Ile nguruwe ilishaonja. Ilijua muzuri harufu ile inatoka kwa nani. Ikaanza kunifuata! Asubuhi nikifungua mulango, iko. Nikienda sokoni, iko nyuma yangu kama bibi-harusi. Majirani wakaanza kunisalimia sisi wawili. Niliipiga, niliimwagia maji, niliipeleka kwa pasta na kamba. Ilifika kwangu mbele nifike.

Siku ya mungu nilikuwa napitisha kikapo cha sadaka. Ikaingia kanisani. Ilimupita pasta, mwenye kuilisha, bila hata kumuangalia, ikaja kulala juu ya viatu vyangu. Mama Sifa alikuwa kwa benchi ya tatu. Mama yake alikuwa mupika kasiksi. Nilimuona ananusa hewa polepole, na roho yangu ikashuka mpaka kwa soksi.

Salongo yenye ilifuata, alikuja na nguruwe kwa kamba. Akasema leo hatufanye kazi, leo tunaifuata. Kilima yote ilifuata! Watoto mbele, pasta kati, bibi yangu na mukono kiunoni. Nguruwe haikupotea hata hatua moja. Ilipita nyumba yangu, ikaingia ndani ya migomba, ikafukua, na ikatoa bido, dumu yangu ya kasiksi, mbele ya watu kama muntu anayetoa ushahidi.

Hakuna aliyecheka kwanza. Bahati alikuja karibu, akaangalia bido, akaniangalia.

"Nguruwe imekutangulia kusema, Papa."

Akaenda zake. Kisha wote wakacheka, na mpaka leo hawajaacha.

Ushemasi nilinyanganywa. Bibi yangu hanitukani, na ile ni mubaya zaidi. Mama Sifa alinipa malipizi: kuviringa vikombe vyote mwenyewe, kupanda mbegu upya, kumwagilia, na kuvaa filimbi mpaka muche wa mwisho uingie kwenye korongo. Nguruwe inafungwa sasa. Nikipita inalia.

Miche imefika magoti yangu. Watu wanaleta ndoo zao, wananionyesha ndani bila niombe. Juma lenye lilipita, Bahati alikuja na ndoo ya maganda ya viazi, vile vyenye korongo lilimuachia. Aliinama kwa shimo, akanusa murefu.

"Leo hakuna ndoa," akasema.

Hakusema kaka. Lakini aliacha ndoo yake miguuni mwangu, na alirudi mikono mitupu.

Basi ninyi wenye munasoma, kama muntu amebeba mama yako mugongoni, usimuache abebe na kosa yako. Sema siku ile ile, hata kama unatetemeka, hata kama watakucheka. Mukingoja, kuna nyama ya kufugwa yenye itasema mahali penu, na itasema mbele ya kanisa! Mimi niliosha ile ndoo mara tatu. Iko hapa mulangoni. Sijamurudishia. Nangoja aje aiulize, juu akija kuiuliza itabidi aniite, Papa ao kaka.