Nilifuta alama za block mbovu, sura ya mutoto ikapotea

Wakuu, salamu kutoka Bukavu.

Sina sifa ya kutafuta hapa. Hii ni kosa yangu mwenyewe, nitaisema vile ilikuwa.

Wakati wa vita nilikuwa technicien, fundi wa ordinateur (kompyuta), wa bureau moja yenye ilikuwa inatafuta wazazi wa watoto wenye walipotea mu kukimbia. Wenzangu wanaenda Shabunda, wanapiga watoto photo, mimi ninatoa zile photo mu carte, ile kadi ya kumbukumbu ya appareil ya photo, na kuonyesha wazazi.

Carte za wakati ule hazikuwa na akili yao. Carte imegawanyika mu block, vipande vidogo vya kuwekea data; block ikichoka inawekwa alama, na driver, program yenye inaongoza carte, ikiona alama inairuka. Driver ya ordinateur yetu niliandika mimi, na nilikuwa najivuna nayo, kweli.

Sasa, kwa barrière, vizuizi vya njiani, askari walikuwa wanafungua appareil. Tuliogopa wakute sura za watoto wa safari ya nyuma. Basi nikafanya driver ifute carte yote, kila block.

Ikafuta na alama. Sikuwaza hata kidogo.

Carte ikaenda Shabunda, photo zikaandikwa hata mu block zenye zilishakufa. Kurudi, zote zilifunguka vizuri isipokuwa moja. Mutoto mwanamuke, hajui kusema jina lake. Nywele zinaonekana, kutoka paji la uso kushuka ni rangi ya majivu tupu.

Maman Neema wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye alikuwa anatafuta binti yake, akasimama mbele ya écran ya ordinateur.

"Hii misuko ni ya mukono yangu," akasema.

Chef wangu, mukubwa wa bureau, akamujibu polepole: "Maman, bila sura hatuwezi kuandika ni wako."

Tukataka kupiga photo ingine, njia ikafungwa na mapigano. Kufunguka, familia yenye ilikuwa inamulinda mutoto ilishahama, hakuna mwenye alijua wapi. Niliona haya, na mpaka leo ninaona.

Wenye munaandika driver, tafadhali: kabla ya kufuta, soma alama, ziandike pembeni, block yenye alama usiiguse. Ukimaliza kuandika, soma tena uhakikishe. Mwenye ana njia nzuri kupita hiyo aiweke hapa chini, nitasoma yote.

Maman Neema aliomba nimutolee ile photo kwa karatasi, yuko nayo mpaka sasa. Akisikia nimepata ordinateur mpya, anakuja kuuliza kama hii itaweza kumalizia sura.

Ninamujibu hapana, maman.