Picha ya Mama Haikungoja

Mwanangu, wacha nianze na ujinga wangu kabla hujausikia kwa majirani: nilidhani picha ikishaangikwa ukutani ni kama kalenda yangu ya sebuleni, itakaa pale mpaka panya waichoke. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka Gatitu kwenda Nyeri mjini, naaga kuku wangu kama anayehamia ng'ambo.

Siku hiyo palikuwa na ukungu, ule wa Julai unaoumeza mlima wote. Binti yangu Nyambura akanivuta hadi jumba la sanaa tuone maonyesho mapya ya msimu wa baridi. Huyu mimi humwita Maitu, yaani mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Mle ndani mlikuwa kimya hata nikasikia viatu vyangu vikinisema. Nikageuka, na mama yangu akawa ananitazama kutoka ukutani.

Mama niliyemzika nikiwa kijana, ambaye hakuwahi kupigwa picha hata moja! Kwenye kipaji cha uso wake kulikuwa na lile bonde lililochimbwa na kamba ya kubebea kuni mgongoni. Limelalia kushoto, vile vile lilivyokuwa lake.

"Ulimwona wapi?" nikamwuliza mchoraji, kijana wa Murang'a.

"Nilimchora huyu wako, mzee," akasema, akimwonyesha Nyambura. "Nikamzeesha tu."

"Na hii alama? Huyu hajawahi kufungwa kamba ya kuni."

Akajikuna shingo. "Hiyo sijui. Mkono ulienda tu."

Nikampigia simu dada yangu mkubwa, Wangari, ambaye macho yake yalikuwa yanazimika. Akalia. "Nipeleke nimwone, hata mara moja tu, kabla giza halijafunga."

Nikaahidi. Kisha ikaja mvua, kisha kuku akaatamia, kisha mafua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu lilikuwa limeshiba, halikusikia kitu.

Tulipofika, msimu ulikuwa umebadilika. Mama ameshushwa, ameuzwa, na aliyemnunua ameenda naye mbali. Pale alipokuwa wameangika mashamba ya mpunga ya Mwea, maji matupu na ukungu. Kabla sijafungua mdomo, Wangari akaniachia mkono, akaenda moja kwa moja mpaka pale pale, akasimama.

"Ndiye," akanong'ona. "Lakini mbona amenipa mgongo?"

Niliyatazama maji yale mpaka baridi ikaniingia shingoni. Sikuona mtu. Leo Wangari haoni hata mkono wake.

Basi mwanangu, anayekuomba umpeleke akaone kitu, mpeleke hata na matope miguuni. Kilicho mbele ya macho hakikai, na macho yenyewe hayakai. Mungu akupe miguu myepesi kuliko yangu, na waliokutangulia wakutazame usoni.

Nilipomweleza haya jirani yangu Mama Muthoni, hakuacha hata kukamua ng'ombe wake. "Baba Nyambura, hata mimi ningewapa mgongo. Ati kuku!"